Ombi la Ufunguo wa Paa

Ndugu Meneja, Jengo C, Ihumwa Stesheni,
tangazo lako nimesomewa.
Mjukuu wangu Nyemo amelisoma mara mbili,
ya pili akijizuia kucheka:
ni marufuku kuanika nafaka, nguo nzito na majani
kwenye vizuizi vya baraza.
Majani, umeandika. Kana kwamba ninafuga mbuzi.

Ule ni mlenda, bwana.
Na aliyeuanika ni mimi, ghorofa ya tisa, mlango wa nne,
Sechelela binti Chilongani.
Wapangaji wa nane usiwasumbue,
wao mboga zao hutoka sokoni zimefungwa kwa kamba.

Waliokuja na treni ni ninyi.
Mimi nilikuwa hapa hapa, chini kidogo:
unapoegesha lile gari lako jeupe
ndipo lilipokuwa jiko langu.
Hatua kumi na mbili kuelekea reli, mizabibu, safu sita.
Ya mwisho haikuzaa vizuri, ardhi ina chumvi.

Kijana wa upimaji alifika na kopo la rangi,
akasita mlangoni, akaniamkia: Mbukwa, bibi.
Nikajua huyu wa kwetu,
nikajua pia tembe imekwisha,
maana wa kwenu hatumwi kuleta neno jema.
Akachora namba. Udongo haukunywa rangi vizuri,
mkia wa tisa ukachuruzika mpaka kizingitini.

Juu ya fidia sina neno.
Nilipewa karatasi, kisha funguo tatu:
mlango, geti, sanduku la barua.
(Nani aniandikie? Ya kwanza ndiyo hii yako.)

Sisemi ghorofa ni baya.
Maji hupanda yenyewe, siku umeme ukiwapo.
Nzi hawafiki. Upepo unafika,
ule wa Juni, ukishika kona ya jengo
unavuma kama mtu anayepuliza chupa tupu.
Saa kumi na mbili na dakika kumi treni inaingia,
vikombe vinaamkiana kabatini,
na Kimambo wa mlango wa pili anashuka ngazi mbili mbili,
tai mdomoni, viatu mkononi.
Anakwenda Mtumba, stesheni moja tu,
anakimbia kama anayekwenda Kigoma.
Jioni hunigongea: Bibi, kuna kitu kinanukia.
Hicho kinachonukia ndicho ulichokipiga marufuku.

Sasa nisikilize.
Juzi lifti ilichanganyikiwa, ikapita tisa,
ikanitema juu kabisa. Fundi alikuwa ameacha mlango wazi.
Nikachungulia.
Kumbe paa lenu ni bapa!
Bapa kama la tembe, pana, kavu, jua lote,
kuku hakuna, mtoto wa kukanyaga hakuna,
matangi mawili tu na kiatu kimoja cha mtu.
Nilivua ndala nikasimama.
Nyayo zilipajua kabla yangu.
Mmepanga tembe kumi na mbili, moja juu ya nyingine,
halafu ile ya juu, yenye kazi, mmeitia kufuli.

Nipe ufunguo Jumanne na Ijumaa.
Nitafagia. Nitaweka mawe kwenye pembe za turubai
upepo usije ukawamwagia watu wa stesheni.
Nitashuka kabla ya treni ya jioni.
Ikibidi kutia sahihi, natia; kuandika nilijifunza
kwenye fomu zenu zile za kuhama.

Mvua ya mwisho imeshapita.
Mlenda nimeuchuma kando ya uzio wa reli,
upande ambao mlinzi husinzia,
na sasa uko bafuni kwenye beseni, chini ya kanga,
umeanza kubadilika rangi.

Jibu usilitumbukize kwenye lile sanduku,
ufunguo wake Nyemo ameuchezea, umepotea.
Njoo ugonge. Gonga kwa nguvu:
natwanga wa mwaka jana, ule uliobaki,
kinu nimekitandikia gunia kwa ajili ya watu wa nane,
na nikitwanga huwa sisikii.